Mtoto Mwenye Kipaji: Afuate Feza ao Afuate Pahali pa Kukomaa?



Siku ya posho iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye baraza nyumbani nikisahihisha karatasi za wanafunzi. Mama mmoja wa chama chetu akafika na bahasha mkononi. Tunamjua, anauza sombe na mafuta ya mawese sokoni. Mtoto wake wa kiume nilimfundisha mwaka jana, na sasa yuko mwaka wa 5 wa sekondari. Ana miaka 16. Ukipita jioni karibu na kiwanja chetu umekwisha kumuona, hata kama hujui jina lake: ni yule mrefu anayepiga mpira kwa mguu wa kushoto.

"Madamu," akaniambia, "nisomee hii karatasi. Baba yake anataka tutie sahihi kesho kutwa."

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, kurasa 4. Bwana mmoja wa mji mwingine alimuona mtoto akicheza mara mbili. Anaahidi kuwapa wazazi dola 300 mkononi siku ya sahihi. Kisha atamchukua mtoto, atamtia kwenye ekipe kubwa, na baadaye Ulaya. Upande mwingine, kuna ekipe ya vijana ya hapa hapa mjini inayomtaka pia. Hao wanatoa viatu na feza ya safari, basi. Na kocha wao anadai jambo moja: kila kipindi aone bulete ya masomo.

Mama alipomaliza kunieleza, aliuliza swali ambalo nimetembea nalo juma lote: "Madamu, mimi ni mama mbaya nikitazama feza kwanza?"

Sikumjibu siku ile. Leo najaribu kujibu, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hili.

Swali lililofika mbali

Kule Marekani swali hili hili linawagombanisha watu wakubwa. Huko vyuo vikuu vina ekipe zenye nguvu sana, na makocha wao wanatembea mpaka nyumbani kwa wazazi kutafuta vijana. Kwa miaka mingi chuo hakikuwa na ruhusa ya kumlipa mchezaji. Kilimpa masomo ya bure, kitanda na chakula. Mwezi wa 7 wa 2021 sheria ilibadilika: mwanafunzi akapata ruhusa ya kulipwa juu ya jina lake na picha yake, kwa mfano kwenye matangazo ya biashara. Mwezi wa 7 wa 2025 mlango ukafunguliwa zaidi: chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wachezaji wake, na kila chuo kiliwekewa mpaka wa dola karibu milioni 20 na nusu kwa mwaka huo wa kwanza, kwa michezo yote pamoja.

Tangu hapo makocha wa zamani wanalalamika. Wanasema zamani kijana aliuliza: nani atanifundisha, nitacheza lini, nitamaliza masomo? Sasa, wanasema, swali la kwanza ni: shilingi ngapi? Lakini wengine wanawajibu: ninyi makocha mnalipwa mamilioni, na mnahama chuo mkiona pengine wanaongeza. Kwa nini kijana maskini aone haya kwa jambo ambalo ninyi hamlionei haya?

Nikisoma maneno hayo naona pande zote mbili zina haki kidogo. Na watoto wa Congo wamekuwa katikati ya mambo hayo. Tuwatazame watatu, maana kila mmoja alipita njia yake.

Watatu wetu kule ng'ambo

Wa kwanza tunamjua wote: Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka wa 1966. Wengi wanafikiri alikwenda Marekani juu ya mpira wa basketi. Sivyo. Alifika chuo cha Georgetown, mjini Washington, mwaka wa 1987 na bursari ya masomo, na shabaha yake ilikuwa kuwa munganga. Ni kule chuoni ndipo kocha John Thompson alimuona na urefu wake, akamwita kwenye ekipe. Alimaliza mwaka wa 1991 na diplome ya lugha na ya diplomasia. Mwaka ule ule ekipe ya Denver ikamchukua, akawa wa 4 kuchaguliwa kati ya vijana wote. Alicheza misimu 18. Mwaka wa 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa ikafunguliwa, akaipa jina la mama yake, Biamba Marie. Alikufa tarehe 30 mwezi wa 9 wa 2024, na inchi nzima ililia. Huyu alikwenda pahali pa kukomaa, feza ikamfuata nyuma.

Tukiishia hapo, mfano ni mtamu na hotuba imekwisha. Lakini hatuishii hapo.

Wa pili ni Emmanuel Mudiay, naye mzaliwa wa Kinshasa, mwaka wa 1996. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo sana. Mama yake alikimbilia Marekani, akalea watoto wake watatu wa kiume kule Texas. Emmanuel alikuwa amekwisha kukubali kuchezea chuo cha Southern Methodist, Dallas, karibu na nyumbani, chini ya kocha mzee mwenye sifa, Larry Brown. Kwa kucheza, pengine ndipo palipomfaa zaidi. Kisha, mwaka wa 2014, aliacha yote akasaini kwenda China, ekipe ya Guangdong, kwa dola milioni 1 na laki 2 kwa mwaka mmoja. Kulikuwa pia na maswali kama chuo kingeruhusiwa kumchezesha. Lakini yeye alisema wazi sababu yake: alichoka kuona mama yake akihangaika. Kule China aliumia kifundo cha mguu, akacheza michezo michache tu. Hata hivyo mwaka wa 2015 Denver ilimchagua, wa 7 kati ya wote. Alicheza kwenye ligi ile kubwa misimu mitano hivi, hakudumu kama Mutombo.

Je, alikosea? Ninyi wamama, niambieni. Kijana wa miaka 18 anapokea feza ya kumtoa mama yake kwenye taabu, na mlango wa mbele haukufungwa. Mimi siwezi kumtupia jiwe.

Wa tatu ni wa huku kwetu: Oscar Tshiebwe, aliyezaliwa Lubumbashi mwezi wa 11 wa 1999. Alipokuwa mtoto alipenda mpira wa miguu, basketi alianza akiwa amechelewa. Kule Marekani aliingia kwanza chuo cha West Virginia, na mwanzo wa 2021 akaondoka. Akaenda Kentucky, kwa kocha John Calipari. Msimu wa 2021-2022 alivuna mipira 15 kwa kila mchezo, tena na pointi 17. Alitangazwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vyote vya Marekani. Mtoto wa Lubumbashi!

Lakini sikieni. Wakati ule wenzake walikuwa wakipokea feza ya matangazo, yeye viza yake ya mwanafunzi haikumruhusu kufanya kazi ya namna ile ndani ya Marekani. Alikuwa bora kuliko wote, na feza inapita mbele ya macho yake. Mwezi wa 8 wa 2022 ekipe yake ilisafiri Bahamas kucheza michezo ya kirafiki, ndipo, akiwa nje ya Marekani, alipata nafasi ya kufanya kazi zile za matangazo. Na mwaka wa 2023, siku ekipe za NBA zinapochagua vijana, jina lake halikuitwa. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kwa mkataba mdogo na Indiana, kisha Utah.

Kwa hiyo, wamama, hakuna kanuni moja. Wa kwanza alifuata masomo, akapata vyote. Wa pili alifuata feza, hakuangamia. Wa tatu alipata pahali palipomfaa kabisa, akawa wa kwanza wa wote, na bado haikumhakikishia mkate wa kesho. Mtu akikuambia kwamba feza ni mbaya siku zote, ao kwamba feza ndiyo yote, huyo hajatazama maisha ya watoto hawa.

Na huku nyumbani

Wengine watasema: Madamu, hayo ni ya Marekani. Sawa, turudi Lubumbashi.

Mwaka wa 2011 kijana Mtanzania, Mbwana Samatta, alitoka ekipe ya Simba ya Dar es Salaam akaja TP Mazembe. Hakukimbilia Ulaya mara moja. Alikaa kwetu miaka karibu 5. Alifundishwa, alicheza. Mwaka wa 2015 Mazembe ikachukua Kombe la Mabingwa la Afrika kwa mara ya 5, na yeye akiwa kati ya wafungaji wa kwanza wa mashindano. Mwanzo wa 2016 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Ndipo akaenda Genk, Ubelgiji, akiwa mtu mzima aliyeiva. Mwaka wa 2020 alifunga bao Wembley, kwenye fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza, akiwa na Aston Villa.

Mazembe ni ekipe yenye feza, hilo halifichiki. Lakini kwa Samatta feza na pahali pa kukomaa vilikaa nyumba moja. Hiyo ndiyo bahati tunayoitafuta.

Na tusizungumze kana kwamba ni habari ya vijana wa kiume tu. Mwezi wa 11 wa 2024 mabinti wa TP Mazembe walichukua Kombe la Mabingwa la wanawake wa Afrika kule Marocco, wakiwashinda wenyeji AS FAR 1 kwa 0 kwenye fainali. Tangu siku ile, kwenye masomo yetu, wasichana wanadai mpira wakati wa mapumziko. Kesho bwana mwenye bahasha atakuja juu ya binti yako pia.

Feza si dhambi

Niseme la kwangu. Nilipopata diplome ya Serikali, alama zangu zilitosha kwenda chuo kikuu cha Lubumbashi. Rafiki zangu walikwenda. Mimi nilibaki hapa kwenye taasisi ya ualimu, kwa sababu moja tu: ningelala nyumbani kwa mama na kula bukari yake, nisilipe nyumba. Nilichagua kwa feza. Leo nina miaka 10 na zaidi ubaoni, na sijuti. Kwa hiyo siwezi kumwambia mama wa sombe: usitazame feza. Mara nyingi anayesema hivyo amekula asubuhi.

Tena tunajua tunaishi mji gani. Baba wa kijana huyu ananunua na kuuza mawe ya kobalti. Mwezi wa 2 wa 2025 serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya inchi, na nyumba nyingi hapa Kolwezi zilipiga miayo. Masomo ya msingi ya Serikali ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari tunalipa minervali, na nyumba ile ina wasichana wawili sekondari. Dola 300 ni nyumba ya kupanga miezi kadhaa, ni minervali ya wawili. Usizicheke.

Lakini mji huu huu umetufundisha kitu kingine. Mnakumbuka Kasulo, watu wakichimba mashimo ndani ya nyumba zao? Mimi ninahesabu viti. Mwezi mmoja mwanafunzi yupo, mwezi unaofuata kiti ni kitupu, na unasikia: amekwenda kuchimba. Juma la kwanza anakuja kutusalimia na telefone mpya. Anacheka, anatuonea huruma sisi walimu. Mwaka unapita, shimo limefungwa ao limebomoka, bei imeshuka, na kurudi kwenye kiti kile hawezi tena, amezidi wenzake umri na ana haya.

Kosa la kijana yule si kutaka feza. Ile feza ilimlipa kwa nguvu ya leo, haikumuongezea kitu kwa kesho. Kuna feza inayomlea mtoto, na kuna feza inayomnunua. Zote zina rangi moja, na siku ya kwanza huwezi kuzitofautisha kwa kuziangalia. Inabidi uulize.

Maswali ya kuuliza kabla ya kalamu

Nimeyaandika kwa mama yule, nawapa ninyi wote. Katieni ukurasa huu mkauweke kwenye sanduku.

La kwanza: Nani atamfundisha, na atacheza? Ekipe kubwa ambako mtoto anakaa kwenye benchi miaka miwili ni ndogo kuliko ekipe ya kartie anayocheza kila juma. Omba kumuona kocha mwenyewe, uso kwa uso.

La pili: Masomo yake yatakuwaje? Atasoma wapi, nani atalipa, nani atatazama bulete? Ukijibiwa "tutaona", hilo ni jibu la hapana.

La tatu: Akivunjika mguu? Nani analipa munganga, na nani anamrudisha nyumbani? Mkumbukeni Mudiay na kifundo chake. Yeye alikuwa na mkataba wa maana.

La ine: Mkataba ni wa miaka mingapi? Kanuni za FIFA, wakubwa wa mpira wa dunia, zinasema mchezaji ambaye hajafika miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Ukiona 5 ao 7 kwa mtoto wa miaka 16, rudisha karatasi.

La tano: Huyu anayezungumza ni nani? Wakala wa wachezaji anapaswa kuwa na leseni ya FIFA, na kwa mtoto anapaswa kuwa na ruhusa ya wazazi iliyoandikwa. Mwenye leseni haoni vibaya ukiomba kuiona. Na akikuambia atampeleka mtoto Ulaya kabla ya miaka 18, ujue kwamba FIFA imekataza mchezaji mtoto kuhamishwa toka inchi moja mpaka nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana. Watoto wengi wa Afrika wameachwa kwenye barabara za miji ya Ulaya na watu waliowaahidi ekipe.

La sita, sasa, feza: Ni ngapi, kila mwezi ao mara moja, inaingia mkononi mwa nani, na imeandikwa wapi? Tazameni kwamba nimeiweka ya mwisho, sikuiondoa. Ukiiuliza ya kwanza, ikikupendeza, masikio yako hayatasikia majibu mengine matano.

Neno dogo kwa viongozi wa ekipe zetu za kartie, maana najua bibi zenu wanawasomea gazeti hili: andikisheni watoto. Mchezaji anapouzwa toka inchi moja mpaka nyingine, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa ekipe zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Lakini bila karatasi inayoonyesha kwamba ulimlea, hupati hata falanga moja.

Siku ya karatasi

Nilisoma zile kurasa 4 mara mbili. Mkataba ulikuwa wa miaka 5. Sehemu ya yule bwana katika kila feza ya mtoto iliandikwa pahali patatu. Sehemu ya mtoto haikuandikwa popote. Neno "masomo" halikuwemo. Dola 300 zenyewe hazikuwemo, zilikuwa za mdomo tu.

Siku ya pili jioni nilikwenda nyumbani kwao. Baba alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaomba nilete neno langu. Nilipomaliza, alinyamaza kidogo, akasema: "Madamu, nimekusikia, na ninakuheshimu. Lakini wewe una mshahara."

Nikamwambia: "Baba, unachelewa, lakini ni kweli, ninao." Tukacheka wote, na kicheko kile kilitusaidia. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hesabu kichwani, na hesabu yake ilikuwa ya kweli.

Kisha nikauliza kama mtoto amekwisha kuulizwa. Wakatazamana. Hakuna aliyemuuliza. Mama akamwita, alikuwa nje akisikia kila kitu, kama watoto wote. Baba akamwambia: "Sema unachotaka."

Kijana akatazama chini muda mrefu. Akasema: "Ningependa kubaki na kocha wa hapa. Ananionyesha mguu wa kulia. Lakini nilisema nitakwenda na yule bwana, sababu nilisikia usiku mnahesabu minervali ya wadogo zangu."

Wamama, hapo ndipo nilipata jibu langu. Tunabishana kama vijana wanapenda feza kuliko pahali panapowafaa. Lakini vijana wetu wengi hawachagui feza kwa tamaa. Wanachagua feza kwa sababu wanatusikia usiku tukihesabu. Mudiay alisema vile vile juu ya mama yake. Mtoto wa miaka 16 alikuwa tayari kujiuza kwa miaka 5 ili dada zake wasifukuzwe masomo, na hakutuambia. Tukitaka achague pahali pa kukomaa, lazima kwanza tumuondolee mzigo ule begani. Ni mzigo wetu.

Baba alitoka nje na telefone. Alimwambia yule bwana mambo matatu: onyesha leseni, punguza miaka iwe 3, andika masomo. Bwana akajibu atapiga tena. Mpaka ninapoandika hajapiga. Pengine atapiga, pengine hapana. Dola 300 hazikuingia, na sitawadanganya kwamba nyumba ile inashangilia. Mama aliponisindikiza mpaka barabarani alisema: "Sasa hao wasichana, Madamu?"

Kwa hiyo, mama mbaya ni nani? Si yeye. Nilimwambia hivyo pale pale. Mama anayetazama feza, kisha akatembea na karatasi usiku kutafuta mtu wa kumsomea, huyo ametazama vyote viwili.

Lakini swali la wasichana haliwezi kubaki barabarani. Likelemba yetu ina zamu, na zamu ya mama huyu ni ya 8. Yangu ni ya 3. Nimekwisha kumwambia mwekahazina kwamba ninabadilishana naye, kama mkutano wa siku ya posho unakubali. Naomba tuzungumze pia kama tunaweza kuwa na sanduku dogo la minervali, kila mama atoe kadiri awezavyo kwa mwezi, kwa ajili ya nyumba kama hii, siku bwana mwingine atakapofika na bahasha. Atafika. Watoto wetu ni wazuri mno kwa mpira asifike.

Na jioni, mkipita karibu na kiwanja, simameni kidogo. Yule mrefu sasa anapiga kwa mguu wa kulia. Bado anakosa goli, lakini kocha anasema inakuja.